Kijokofu cha gari cha lita 20 kwa kufugia nzi wa ecd1

Inkubeta ya maabara ni ghali, ndiyo maana kijokofu cha gari, kinachopoza na pia kupasha joto, chenye thamostati ya nje kinawavutia walimu wa baiolojia hapa Dodoma. Tumekipima kwa kazi ngumu: nzi wa matunda wenye ecd1, badiliko la jeni linalojitokeza kwenye joto. Kwenye nyuzi 18 hadi 20 nzi hawa hukua vizuri. Wapandishe hadi 29, ekidisoni, homoni ya kujivua gamba na kugeuka pupa, hupungua: mabuu wa hatua ya tatu hawageuki pupa, na kwa majike mayai huharibika karibu na hatua ya 8 kati ya 14, yanapoanza kujazwa kiini cha njano.

Kwa 29, kifaa ni kizuri sana. Ila kihisio kikae katikati ya chupa. Ukikibandika karibu na bamba la joto kitasoma 29 huku chupa za pembeni zikiwa chini zaidi, na baadhi ya mabuu watageuka pupa kama kawaida.

Kwa 18 hatukipendekezi. Hupoza nyuzi 15 hivi tu chini ya joto la chumba. Mchana wa Novemba, chini ya bati, hiyo haitoshi. Swichi ya moto na baridi nayo ni ya mkono, na thamostati hukata umeme tu. Siku yenye mchana wa joto na usiku wa baridi, 25 haishikiki bila mtu wa kuigeuza.

Feni hukausha chakula, na hewa ya Dodoma ni kavu tayari. Chakula kikijitenga na ukuta wa chupa, nzi hunasa kwenye ufa. Weka sahani ya maji chini. Kwa lita 1 ya maji tumia aga (unga wa kugandisha) gramu 10, sembe 70, sukari 70 na hamira kavu 20. Chemsha, acha ipoe hadi nyuzi 60, kisha tia asidi ya propioniki mililita 5. Ukiitia ikiwa inachemka, huvukia na ukungu hushinda.

Kabla ya kupasua ovari, walishe majike uji mzito wa hamira siku 2. Jike mwenye njaa naye hupoteza mayai hatua ya 8 na 9, na jeni litasingiziwa bure. Nzi wa kawaida, wa kulinganishia, nao lazima wakae humo humo kwenye 29, kwa chakula kile kile.

Ukinunua, dai adapta ya volti 12 isiyopungua ampea 6.