Saa za kupima mapigo za Kariakoo: zinamfaa anayeogopa moyo kwenda mbio?

Maduka ya Kariakoo yamejaa saa janja za bei nafuu, na miongoni mwa wanunuzi wapo walioacha mazoezi kwa sababu moyo ukianza kudunda wanahisi wanakufa. Jasho, kuhema na kizunguzungu cha hofu hufanana mno na vya mazoezi. Anayeviogopa hukaa, mwili ukalegea, kisha ngazi mbili tu zikamtoa pumzi na hofu ikaongezeka. Joto la Dar nalo hupandisha mapigo hata kwa mwendo wa kawaida.

Tatizo la kwanza ni usahihi. Saa humulika ngozi kwa taa ya kijani kusoma damu inavyopita. Mkanda ukilegea, mwanga huvuja, na saa inaweza kuhesabu hatua badala ya mapigo: unaona 160 wakati moyo uko 120. Kwa mtu mwenye hofu, namba hiyo ni sumu. Ivae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, iliyobana isiteleze. Hakiki kwa vidole viwili shingoni: hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4.

Inapofaa kweli ni mwanzoni. Kimbia ukiwa umesimama mahali pamoja dakika moja nyumbani, andika namba, kaa, uitazame ikishuka yenyewe. Rudia kila siku mpaka moyo kudunda kusikushtue tena, ndipo uende Daraja la Tanzanite alfajiri, kilomita moja hivi kwa mwendo wa haraka. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, au kuzimia, si ya kufanyia majaribio. Hayo ni ya hospitali, upesi.

Tahadhari ya mapigo ya juu izime tangu siku ya kwanza. Saa ikitetemeka kukuonya, unasimama, na ubongo unajifunza kwamba kusimama ndiko kulikokuokoa. Baada ya wiki tatu hivi, ifunike kwa kitambaa ukitembea, halafu iache nyumbani. Usipoiacha inageuka hirizi, na bila hirizi hutoki mlangoni.

Tunaipendekeza kwa mwezi mmoja, si zaidi. Kabla ya kulipa, ivae, panda ngazi za jengo hilo hilo mara mbili, ulinganishe na vidole. Ikipishana kwa mapigo zaidi ya 10, mrudishie muuzaji.