Bodi ndogo ya Linux na I2C iliyonizungusha jioni nzima

Nitaipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nilichotaka ni kidogo tu: bodi isome joto na unyevu kutoka sensa ya BME280, iandike kwenye faili. Linux yenyewe iliwaka bila tabu. Nikaunganisha waya nne, na kwa kuwa mwongozo unaziita pini zile I2C2 (I2C ni njia ambayo bodi hutumia kuongea na vifaa vidogo kama sensa), nikaandika i2cdetect -y 2, amri ya kutafuta vifaa kwenye njia namba 2. Jibu: faili la /dev/i2c-2 halipo.

Kumbe I2C, SPI (njia nyingine ya kuongea na vifaa) na nyinginezo huja zimefungwa. Pini moja ina kazi zaidi ya moja, kwa hiyo keneli (kiini cha Linux) husubiri iambiwe kwenye mti wa vifaa, yaani maelezo ya vifaa vya bodi, ni ipi itumike. Nikaongeza mstari mmoja kwenye faili la usanidi, nikawasha upya. Bado i2c-2 haipo! Nikabadilisha waya, nikaanza hata kuisingizia sensa. Kilichoniokoa ni i2cdetect -l, inayoorodhesha njia zote ambazo keneli inazijua. Mwongozo unahesabu kuanzia 1, keneli inaanzia 0. I2C2 yao ndiyo i2c-1 yangu. Mtu angeandika sentensi hiyo moja kwenye mwongozo, ningelala mapema.

Nilipoandika -y 1, katikati ya vistari vya jedwali ikatokea 76, anwani ya sensa. Nilicheka peke yangu.

Baadaye nikaongeza saa ya DS3231 kwenye waya zilezile. Mwanzoni ilionekana kama 68, lakini nilipowasha draiva yake (programu ya keneli inayoiendesha) ikageuka UU. Nilidhani nimeiunguza. Hapana, UU maana yake anwani hiyo tayari imeshikwa na draiva. Waya nilipozirefusha, vipimo vikaanza kupotea; nikashusha kasi ya I2C kutoka kHz 400 hadi 100, vikatulia.

SPI haikunisumbua. Niliunganisha MOSI (pini ya kutuma) na MISO (ya kupokea) kwa waya mmoja, nilichotuma kikarudi vilevile, basi.

UART, njia ya tatu niliyoiunganishia GPS, ndiyo ilikuwa na vituko: kumbe ilikuwa ya konsoli (mahali Linux inapotoa ujumbe wake), kwa hiyo kila nikiwasha bodi, moduli yangu ya GPS ilikuwa inasomewa ujumbe wa keneli kwa kasi ya 115200, yenyewe inaongea kwa 9600. Nikaiondoa konsoli hapo.

Sasa juu ya pini nimebandika kikaratasi: I2C2 = i2c-1.