TAHADHARI: Fundi baiskeli anayeng'oa vipuri vizima na kukufungia vibovu, Dodoma mjini

Wakuu, habari za leo. Nawaandikia wote tunaokula kwa baiskeli hapa Dodoma, wa maziwa, wa maji, wa mkaa. Kuna fundi hapa mjini ukimpelekea baiskeli iliyokuwa nzito anakwambia ekseli, kile chuma cha kati kinachobeba pedeli, imekufa, anakuambia kazunguke kidogo, ukirudi vipuri vyako vizima vimeshatoka. Mimi kaniliza, na nimekutana na wenzangu wawili aliowafanyia hivyohivyo.

Baiskeli yangu ni Phoenix ya inchi 28, aliniachia marehemu baba. Kila alfajiri natoka Mkonze na madumu mawili ya maziwa. Mwezi uliopita ikaanza kuwa nzito, hata kwenye tambarare nilikuwa kama napanda mlima. Huyo bwana hakuipindua wala hakuzungusha gurudumu. Alikanyaga pedeli mara moja tu, akasema ekseli ya kati, gololi na cheni vyote vimekwisha, shilingi 35,000. Maziwa hayasubiri, nikamwachia nikaondoka. Niliporudi ilikuwa nyepesi kweli. Nikalipa na kumshukuru.

Siku ya nne ikawa nzito kuliko mwanzo, pedeli ya kushoto inacheza na kutoa mlio wa kra, kra kila mzunguko. Nikaikokota hadi Nkuhungu kwa mzee mmoja fundi. Aliifungua mbele yangu, akamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo la rangi. Upande wa kulia zilitoka 11, ndiyo idadi yake. Kushoto zilitoka 7, zimechimbika vishimo, nyingine zina kutu, zimezama kwenye tope jeusi la oili chafu na vumbi. Grisi mpya ilipakwa juu juu tu. Ekseli nayo imelika pale gololi zinapopita. Ya baba ilikuwa na alama ya msalaba aliyoikwaruza kwa msumari mwishoni, upande wa kulia. Hii haina kitu. Cheni "mpya" ni kuukuu iliyooshwa kwa mafuta ya taa: vipande 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili, hii ilipitiliza karibu robo inchi.

Kilichoniuma zaidi ni tatizo lenyewe la mwanzo. Mzee alinionyesha raba ya breki ya nyuma imelika upande mmoja. Gurudumu lilikuwa limehama kidogo, likawa linasuguana na raba. Yule bwana alilinyoosha tu, kazi ya dakika tano, ndiyo maana niliipokea nyepesi. Ekseli yangu haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo ndugu zangu, ikikushinda pedeli, anza wewe mwenyewe. Bonyeza matairi kwanza, maana kwa mbigili hizi za kwetu upepo unatoka taratibu bila wewe kujua. Halafu ipindue, zungusha gurudumu moja moja kwa mkono. Likisimama haraka, tazama raba za breki na kama limekaa katikati. Mwisho vua cheni kwenye meno, zungusha pedeli peke yake. Ikiwa bado nzito au inakwaruza, hapo ndipo useme ekseli au gololi. Ikizunguka laini, mtu asikuuzie ekseli. Na ikibidi kufunguliwa, kaa pale pale, hesabu gololi zinazotoka na zinazoingia, na vipuri vya zamani uondoke navyo.

Nilimrudia, akakana. Mwenyekiti wa mtaa akaniuliza risiti, sina. Nilipokwenda mara ya pili alikuwa ameshahamisha mwavuli wake, sijui sasa anakaa kona gani, ndiyo maana nawaambia mbinu yake.

Ukiuziwa ekseli ya Phoenix iliyotumika na ukaona msalaba mwishoni, tafadhali nitumie ujumbe. Nitakurudishia bei uliyonunulia.