Hach DR900 kwenye bomba la majitaka: shaba na kromiamu iamini, zinki izimue kwanza

Kwa karakana ya kuchovya chuma au kiwanda cha ngozi kinachotaka kujua kila asubuhi kama maji yake yaliyosafishwa yanafaa kutoka nje, DR900 ya kampuni ya Hach ni kifaa kizuri cha kupimia metali. Kinashikika mkononi, kinatumia betri nne za AA za dukani, na vumbi la Dodoma halipenyi ndani. Kinapitisha mwanga kwenye kichupa na kusoma ukali wa rangi, basi. Lakini anayekitumia bila kujua mipaka yake atapata namba nzuri huku bomba likimwaga sumu.

Kanuni za Tanzania za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinaruhusu, kwa kila lita ya majitaka yanayotoka, miligramu 0.1 ya kromiamu-6 (aina ya kromiamu yenye sumu kali zaidi), 1.0 ya kromiamu yote, 2.0 za shaba, 5.0 za zinki, 0.1 ya risasi na 0.005 ya zebaki. Kwingine mto husaidia kuzimua kinachomwagwa. Huku Dodoma hakuna msaada huo. Mvua zikikatika, makorongo yanayoelekea mto Kinyasungwe hubaki mchanga mtupu, na maji ya bombani ndiyo yanakuwa mto wenyewe. Wafugaji huchimba visima mchangani humo humo, watu na ng'ombe wanakunywa. Kibali chako cha bodi ya maji ya bonde kikiandika namba ndogo kuliko ya kanuni, fuata hiyo ndogo.

Kwenye kromiamu-6 kifaa hiki kiko nyumbani. Mililita 10 za sampuli, pakiti moja ya unga wa kipimo unaoleta rangi, subiri dakika 5, rangi ya zambarau ikitokea soma. Kinafika karibu miligramu 0.6 kwa lita, kwa hiyo kikomo cha 0.1 kimo ndani kabisa. Shaba ni hivyo hivyo: dakika 2, na upeo ni 5.00. Futa kichupa kwa kitambaa laini kabla ya kukiingiza, maana alama ya kidole inaongeza namba. Sifuri iweke kwa sampuli ile ile isiyotiwa unga. Ukitumia maji safi, ukungu wa majitaka utahesabiwa kama metali.

Zinki ndiyo inayowaponza wengi. Upeo wa kipimo ni 3.00, kikomo cha kanuni ni 5.0, kwa hiyo maji yanayokaribia kikomo tayari yamekipita kifaa. Chukua mililita 10 za sampuli, jaza maji yaliyotoneshwa hadi 20, tia unga, tikisa. Rangi lazima iwe ya chungwa. Ikiwa kahawia au bluu, zinki ni nyingi mno au kuna metali nyingine inayoingilia. Zimua zaidi, urudie. Ikiwa chungwa, mimina mililita 10 ziwe za kuwekea sifuri. Zilizobaki zitie nusu mililita ya sikloheksanoni, tikisa sekunde 30, subiri dakika 3, soma, kisha zidisha namba kwa mbili, au kwa zaidi kama ulizimua zaidi. Kitoneshi kiwe cha plastiki, kwa sababu mpira wenyewe hutoa zinki. Na unga huo una sianidi: mabaki yake yawekwe kwenye chombo cha peke yake, yasikutane na asidi hata tone, kwani gesi inayotoka inaua.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Pakiti hizi hupima hasa metali iliyoyeyuka, wakati mto unapokea na ile iliyonasa kwenye chenga za tope. Namba ya jumla inahitaji sampuli ichemshwe kwanza na asidi ya nitriki. Pima zote mbili: moja iliyochujwa kwa chujio la maikroni 0.45, nyingine iliyochemshwa. Iliyochujwa ikiwa ndogo na iliyochemshwa kubwa, chokaa inayogeuza metali kuwa tope imefanya kazi yake ila tangi la kutuamisha linaachia tope. Zote mbili zikiwa kubwa, angalia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Shaba hutulia vizuri karibu na 8.5 hadi 9, lakini kromiamu-6 haitulii kwa chokaa hata kidogo mpaka ibadilishwe kwanza kuwa kromiamu-3, kwa metabisulfiti kwenye pH ya 2 hadi 3. Na ukishusha pH kabla tope halijatenganishwa, metali inarudi majini.

Sampuli ya metali iweke kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa asidi, tia asidi ya nitriki kama mililita 2 kwa lita hadi pH ishuke chini ya 2. Itakaa miezi 6. Ila kabla ya kupima shaba, ipandishe pH hadi kati ya 4 na 6, vinginevyo unga haufanyi kazi. Ya kromiamu-6 usiitie asidi kabisa: iweke kwenye baridi ya nyuzi 4, ipimwe ndani ya saa 24.

Risasi, kadmiamu na zebaki zipelekwe maabara yenye mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na atomu (AAS). Anayesumbuliwa na zebaki, kama wachenjuaji wa dhahabu wa Singida, asinunue kifaa hiki kwa ajili hiyo. Mwenye shaba na kromiamu anunue, na aagize pamoja nacho myeyusho wa kukihakiki wenye shaba miligramu 1.00 kwa lita. Siku kikisoma chini ya 0.9 au juu ya 1.1, valvu ya kutolea maji ifungwe mpaka sababu ijulikane.