Pete za darubini: seti tatu, kovu moja

Nina kovu dogo juu ya jicho la kulia, limekaa kama mwezi mchanga. Wife anawaambia wageni niligonga mlango wa kabati. Ukweli ni kwamba nilipigwa na darubini yangu mwenyewe, na sababu ni vipande viwili vya alumini ambavyo kila kimoja kinaenea kiganjani: pete za kushikia darubini kwenye raifo. Nimeshanunua seti tatu hadi sasa. Naandika haya ili wewe ununue moja tu.

Raifo yenyewe ni ya kawaida, inapiga risasi za saizi ya .30-06, ni ya bolti (kile chuma chenye mkono unachoinua na kuvuta nyuma kutoa ganda), ya marehemu baba mdogo. Nilihamishiwa umiliki kihalali, na ile safari ya karatasi ingetosha kuandikiwa peke yake. Nyumbani Mbezi inakaa kwenye sefu, risasi zinakaa kwingine. Darubini ni ya ukuzaji wa 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 40, bomba la inchi moja, yaani milimita 25.4. Hiyo namba ya bomba ishike, maana pete za bomba la milimita 30 hazitaibana hata ukaze mpaka jasho likutoke.

Pete huuzwa kwa majina matatu: fupi, kati, ndefu. Muuzaji wa kwanza, kijana mchangamfu, hakuniuliza hata kioo changu kina ukubwa gani. "Chukua ndefu, bosi. Ndefu haigusi kitu, inaingia kila bunduki." Kweli haikugusa kitu. Ilikaa juu ya mtutu kama dishi la king'amuzi juu ya bati.

Uwanja wa shabaha ndio ulionieleza alichonyamazia. Ukilaza shavu kwenye kitako vizuri, jicho linatazama chini ya darubini, unaona alumini tu. Ili uone picha lazima uinue kichwa mpaka kidevu ndicho kiguse mbao, shingo imenyooka kama ya kuku anayechungulia dirishani. Shavu likishaachia kitako, kila ukilenga jicho linatua mahali tofauti. Risasi zangu tano za kwanza kwa mita 100 zilitawanyika kiasi cha kufunikwa na sahani ya wali, si na kikombe. Ya sita nikasogeza uso mbele nipate picha yote. Darubini yangu inataka jicho likae kama sentimita 9 nyuma ya kioo cha jicho. Nadhani nilikuwa kwenye 5. Bunduki ikarudi nyuma, ukingo wa kioo ukanichana juu ya jicho, na shemeji, aliyekuwa amekuja kunitazama tu, akanikabidhi leso yake huku anajizuia kucheka.

Jioni ile nikampigia binamu yangu aliyeko Ohio. Kule wana msimu wa kulungu wa bunduki za kushindiliwa mdomoni, Januari kwenye baridi kali, na yeye anayo yenye mtutu wa .50, yaani nusu inchi. Sisi tungeiita gobore la kisasa: baruti na risasi unashindilia kwa mdomo wa mtutu, fataki unaiweka nyuma, nyundo ya kuipiga iko nje. Babu yetu alikuwa na gobore la kweli, alilenga kwa kinundu cha chuma na subira. Nilipomwambia binamu nimepigwa na darubini ya pete ndefu, alicheka, kisha akasema yake ni kinyume. Alifunga pete fupi mno, kioo cha jicho kikafunika nyundo, kidole gumba kikakosa pa kupita. Fikiria uko porini, vidole vimekufa ganzi, ndani ya glavu, unataka kuvuta nyundo na kidole kinateleza. Ilibidi aongeze kipande cha chuma kinachochomoza ubavuni mwa nyundo. Vipande hivyo vinauzwa tayari, na naona kuwepo kwake dukani ni ushahidi kwamba hakuanza yeye. Na fataki anabadilisha kila risasi, kwa hiyo vidole vinahitaji nafasi mlemle chini ya darubini.

Ningemsikiliza vizuri ningeokoa hela ya seti ya pili. Mimi nilichosikia ni "pete ndefu mbaya", nikakimbilia fupi. Kila mtu anakuambia darubini ikae chini kadiri iwezekanavyo. Hawakwambii ni nini kinachosema "basi, hapa haiwezekani tena". Kwangu ilikuwa bolti. Mkono wa bolti yangu unapanda nyuzi 90, unakuja mpaka karibu kabisa na kioo cha jicho. Kwa pete fupi ulipita, lakini vidole vyangu havikupita nao. Kila nikitoa ganda la risasi, kifundo cha kidole kinakwaruza darubini. Na kule mbele, kati ya kioo na mtutu, palipita kadi moja ya benki kwa shida, kifuniko cha kioo hakikuingia kabisa.

Kadi za benki ndicho kipimo changu siku hizi. Moja ina unene wa milimita 0.76, tatu zinakaribia 2.3, na nafasi hiyo inatosha darubini isiguse mtutu. Ikigusa, mtutu unaisukuma kila unapopiga na shabaha inahama. Kabla ya kununua, pima kipenyo cha nje cha kichwa cha mbele cha darubini, si ile 40 iliyoandikwa. Hiyo 40 ni kioo chenyewe, chuma kinachokizunguka kinaongeza. Yangu kwa nje ni 47. Nusu yake ni 23.5, toa nusu ya bomba, 12.7, unabaki na 10.8: ndivyo kichwa kinavyoning'inia chini ya bomba. Hapo ongeza kadi zako tatu, kisha angalia besi yako, kile chuma cha juu ya bunduki ambacho pete hukalia, imeinuka kiasi gani juu ya mtutu pale mbele.

Halafu kuna mtego ambao hakuna muuzaji aliyenieleza. "Kati" ya kampuni moja si "kati" ya nyingine. Sanduku moja linahesabu urefu kutoka besi mpaka chini ya bomba, lingine mpaka katikati ya bomba. Kwa bomba la inchi moja hiyo ni tofauti ya milimita 12.7, na zote mbili zimeandikwa namba kavu bila maelezo. Uliza namba imeanzia wapi na inaishia wapi. Muuzaji akitazama dari, toa kalipa yako, kile kifaa cha kupimia unene, upime mwenyewe. Mimi sasa natembea nayo.

Shemeji, ambaye tangu siku ile ya leso amejipa cheo cha mshauri, alisisitiza kwamba darubini ikiwa juu risasi zinakwenda kombo. Nilikaa na hesabu. Kwa .30-06 iliyosawazishwa mita 100, yaani darubini imerekebishwa risasi itue pale pale unapolenga kwa umbali huo, ukiinua darubini sentimita moja zaidi, tofauti ya pale risasi inapotua kwa mita 25 haifiki hata sentimita moja. Mnyama hatajua. Shavu lako ndilo linalojua.

Seti ya tatu ni ya kati, na ndiyo iliyobaki juu ya raifo. Kadi tatu zinapita, bolti inapita na vidole vyake, kifuniko kinaingia. Hata hivyo shavu lilibaki chini kidogo, kama sentimita moja, kwa sababu kitako cha baba mdogo kilichongwa enzi za kulenga kwa kinundu. Hapo nikaenda Keko kwa fundi wa makochi. Bunduki huipitishi Keko, nikaenda na boksi gumu nililolikata kwa umbo la kitako. Fundi akaligeuza mara mbili tatu.

"Hiki ni kiti cha nini, mzee? Cha mtoto?"

"Cha shavu."

Hakuuliza tena. Akanishonea ngozi yenye sponji ngumu ndani na kamba za kufungia chini, Sh 35,000. Katika fedha zote nilizotumia kwenye mradi huu, hiyo ndiyo iliyonipa raha kuliko nyingine.

Lawama ninazo mbili kwa hizi pete. Skrubu zilizokuja nazo ni laini, moja kichwa chake kililika alenki (ufunguo wa pembe sita) ilipozunguka mara ya pili, nikaitoa kwa kuitoboa, roho mkononi. Kaza kidogo kidogo, kwa zamu, upande huu na ule. Pete za alumini kama hizi zinahitaji takriban nyutoni mita 2 tu, si nguvu za kufunga tairi la Fuso. Pili, alumini haipati kutu lakini skrubu ni chuma, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Miezi miwili tu zikaanza wekundu. Sasa nazifuta kwa tone la mafuta kila Jumapili.

Ukishafunga, hakikisha chumba cha risasi cha bunduki ni kitupu, angalia mara mbili, elekeza pasipo na mtu. Inua bunduki huku umefumba macho, laza shavu linapopenda lenyewe, kisha fumbua. Ukiona duara kamili, urefu ni wako. Ukiona kivuli cheusi kimekula ukingo wa chini au wa juu, jicho haliko katikati, basi zirudishe dukani kabla hujazichubua.

Mwezi uliopita nilirudi uwanjani na shemeji. Tano za mita 100 zikakaa ndani ya kikombe cha kahawa, kile kidogo cha Kariakoo. Alikuja na leso mfukoni, aliniambia baadaye, kwa tahadhari.