Poti ya kemo chini ya ngozi: uzoefu wangu

Anayeanza kemo, yaani dawa za saratani, huulizwa swali hili mapema mno, kabla hata hajazoea kulisikia jina la ugonjwa wake: utawekewa poti, au tuwe tunatafuta mshipa mkononi kila ukija? Mimi nilianzia mkononi, nikawekewa poti matibabu yakiwa yamefika katikati, kwa hiyo njia zote mbili nimezionja. Kifaa chenyewe nakipa alama za juu. Huduma inayokizunguka ndiyo yenye matundu.

Poti ni kidude kidogo cha titani au plastiki ngumu, upana wake kama sarafu, kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua, chini kidogo ya mtulinga. Juu yake pana kifuniko cha silikoni ambacho sindano hupenya. Ubavuni mwake hutoka mrija mwembamba unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa damu na kuishia karibu kabisa na moyo. Huko damu ni nyingi na inakwenda mbio, hivyo dawa kali huzimuliwa papo hapo. Mkononi hali ni tofauti. Mishipa ni myembamba, damu inajikokota, na kila mzunguko wa dawa unauacha mshipa umekakamaa zaidi. Nilifika mahali nesi anafunga mpira mkononi, anapapasa, anapigapiga kwa vidole, anahamia mkono wa pili, na mimi nimeshaanza kutoka jasho kabla sindano haijatolewa kwenye karatasi yake. Ongeza kwamba dozi yangu ilikuwa na doksorubisini, ile dawa nyekundu, ambayo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Kukaa na mkono ulionyooshwa, huthubutu hata kujikuna, huku mtu anaisukuma taratibu na macho yake hayabanduki kwenye ngozi yako, ni kazi inayochosha kuliko dawa yenyewe.

Kuwekwa hakukuwa jambo kubwa kama nilivyodhani. Ganzi ya sehemu, dawa ya kutuliza iliyonifanya nisijali sana, mkato mmoja kifuani na mwingine mdogo shingoni. Maumivu sikuyasikia, ila nilihisi ninavutwavutwa, na hilo halipendezi. Picha ya eksirei ikathibitisha kwamba mrija umekaa panapotakiwa. Shida ilikuja baadaye nyumbani: shingo ilikaza, kulala upande ule hakuwezekani, na mkanda wa gari ulipita juu ya kidonda barabara. Nikawa naweka kitambaa laini katikati. Uvimbe ulipokwisha, kidude kikabaki kinaonekana kama kinundu. Mwembamba kitamtokeza zaidi, mnene kitafichika zaidi. Kama unaumizwa na kujiona tofauti kwenye kioo, mwambie daktari kabla, maana wakati mwingine wanaweza kukihamishia mahali pa kufichika.

Siku ya dozi ndipo utakapokipenda. Saa moja kabla napaka krimu ya ganzi juu ya kinundu na kukifunika kwa plastiki. Nesi huvaa barakoa, nami nageuza uso pembeni. Husafisha ngozi, huiacha ikauke yenyewe, hushika kinundu kwa vidole viwili, husema "vuta pumzi," na sindano imeingia. Sindano hiyo ni maalumu, imepinda, na ncha yake imechongwa ili isimegue silikoni. Kwa sindano hiyo kifuniko huvumilia kuchomwa mara mamia na mamia. Sindano ya kawaida hukitoboa kikaanza kuvuja, kwa hiyo ukiona mtu anakujia na sindano iliyonyooka, mzuie kwa adabu: "Sista, hii ni poti."

Kisha huvuta damu kwanza. Isiporudi, dawa haiingii, hata kama foleni imefika mlangoni. Hapo huanza mchezo ambao wenye poti wote wanaujua: inua mkono, kohoa, geuza shingo, lala chali, simama, kohoa tena. Wagonjwa wenzako wanakutazama kama mtihani ni wao pia. Mara nyingi damu hutii. Isipotii, ncha ya mrija huwa imejengewa utando, na huwekwa dawa ya kuuyeyusha, mkasubiri. Damu ikirudi, husukumwa maji ya chumvi, na wengine, mimi nikiwemo, huisikia ladha yake mdomoni papo hapo. Inaudhi. Kunyonya peremende kali kunasaidia.

Lakini baada ya hapo mikono yote miwili ni yako. Asiyewahi kushinda amekaa kwenye kiti cha dripu haoni uzito wa sentensi hiyo. Nilirudi kuandika, kujimenyea tunda, kujifunika shuka mwenyewe baridi ya dawa inaponipanda, kusukuma nguzo ya dripu hadi chooni bila mashine kulia njiani kwa sababu nimekunja kiwiko. Jirani yangu wa kiti cha pili alikuwa akienda nyumbani na kichupa kinachojisukuma chenyewe, kimeunganishwa na poti yake, kikimpa dawa polepole kwa saa 46. Alikuwa akilala kitandani kwake badala ya wodini. Kwa mkono wa kawaida hilo halifanyiki kwa usalama.

Sasa matundu niliyoyataja. Usiku mmoja nilipanda homa na kulazwa, si wodi ya saratani bali ya jumla. Zamu ile nzima hakukuwa na mtu aliyefunzwa kuichoma poti. Kifaa kiko kifuani, kizima, na mimi natafutwa mshipa kiganjani kama zamani. Nilikasirika kweli. Kwa haki lakini: mgonjwa wa poti akiwa na homa, mara nyingi damu ya kuotesha vijidudu huchukuliwa kote kuwili, kwenye poti na mkononi, ili ijulikane kama kifaa ndicho chanzo. Kwa hiyo sindano moja ya mkono ningeichomwa tu. Zile nyingine hazikuwa na sababu. Kabla hujakubali poti, uliza nani huichoma usiku na siku za mapumziko.

Na kuhusu homa usifanye utani. Chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na poti ni mlango wazi kuelekea moyoni. Nyuzi 38 au zaidi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo ukitetemeka muda mfupi baada ya poti kusafishwa kwa maji ya chumvi, kinundu kikiwa chekundu au kikiuma, au mkono na shingo ya upande ule vikivimba. Uvimbe huo unaweza kuwa damu iliyoganda.

Jambo dogo lenye maana: utapewa kadi ya kifaa. Itunze. Si kila poti inahimili msukumo wa dawa ya rangi inayotumika kwenye kipimo cha CT, na mtu wa chumba cha picha hataamini maneno yako matupu.

Singemshauri kila mtu. Mwenye mishipa minene na dozi chache anaweza kumaliza na kanula tu, ule mrija mfupi wa mkononi. Upo pia mrija unaopitia mkono wa juu na kuning'inia nje. Kuuweka ni rahisi zaidi, lakini bandeji yake hubadilishwa kila wiki na haitakiwi kulowa, na mimi kuoga kwa raha sikuwa tayari kukuacha. Poti isipochomwa, unaoga, unaogelea, unasahau.

Kusahau huko kuna mpaka. Dozi zimekwisha, ila daktari anataka kifaa kibaki hadi vipimo vijavyo, na poti isiyotumika lazima isukumwe maji ili isizibe, kila baada ya wiki chache kulingana na utaratibu wa hospitali. Nimekubali ibaki. Nimeomba tu usafishaji upangwe siku ileile ya kipimo cha damu, wachukue hapohapo, mkono waniachie.