The Specials: masupahiro wako ofu, hakuna anayepaa

Aisee kama unatafuta muvi ya maghorofa kuanguka na magari kurushwa hewani hii iache mapema, usiunguze bando lako bure. The Specials ya mwaka 2000 ni muvi ya masupahiro ambao karibu muda wote wamekaa ndani wanasengenyana, wanavimbiana, wanalalamika nani anapendelewa, yaani ukiwavua yale manguo yao ya rangi rangi unaweza kudhani ni staff wa ofisi yoyote pale Posta. Mimi nimeicheka kinoma, ila najua kuna watu nitawapa hii muvi wataniblok.

Stori yenyewe iko hivi. Kuna kundi linaitwa The Specials, na ndani ya muvi wanatuambia ni kundi la sita au la saba kwa kupendwa duniani. Sita AU saba, yaani hata hawajali kuhakikisha! Wewe chukua ligi kuu yetu, toa Simba, toa Yanga, toa Azam, halafu shuka kidogo, hapo utaikuta ile timu ambayo haishuki daraja na haichukui kombe, ina mashabiki wake wachache wabishi na basi bovu. Ndo hawa. Na kama timu yoyote ya namna hiyo, wana mchezaji mmoja tu anayejulikana, anaitwa The Weevil (kacheza Rob Lowe), na huyo mmoja ndo anataka kusepa kwenda The Crusaders, kundi kubwa lenye jina. Shida sio kusepa tu. Jamaa anatoka na Ms. Indestructible, mke wa kapteni wao The Great Strobe. Kwa hiyo una mchepuko, una usajili, na vyote viko ndani ya nyumba moja, siku moja, siku ya ofu.

Na siku hiyo hiyo ndo anaripoti mdada mpya, Nightbird, ana heshima zake, ana hamu ya kazi, anawaona hawa watu kama mashujaa kweli. Macho yake ndo yetu sisi watazamaji. Anaingia anadhani atakuta mambo, anakuta watu wazima wananuniana. Kila aliyewahi kuanza kazi Jumatatu akiwa amenyoosha shati halafu akakuta wenzie wanabishana nani kahamisha kiti chake ataelewa ninachosema.

Wahusika ni wengi. Kuna Amok, jamaa wa bluu aliyekuwa adui zamani, saa hii yuko upande wa watu wema ila tabia haijamtoka. Kuna Deadly Girl, mdada wa kununa (Judy Greer, huyu dada anajua, anakuangalia tu unacheka). Kuna U.S. Bill, nguvu kibao kichwani upepo. Kuna Eight, mtu mmoja ana miili minane, wazo kali sana lile na kwa maoni yangu wamelitumia kidogo mno, mtu mmoja miili minane ningeandika nusu saa nzima ya kugawana chakula tu. Kuna na Minute Man ambaye uwezo wake ni kupunguza mwili awe kadogo, huyo kacheza James Gunn mwenyewe aliyeandika muvi, na mdogo wake wa damu Sean Gunn kacheza Alien Orphan. Nashangaa kwenye kutafuta unafuu walivyopangana familia, hiyo wabongo tunaijua vizuri.

Sasa sehemu iliyoniua ni ya vidoli. Kampuni imekubali kuwatengenezea vidoli, vile vya watoto kuchezea, na kwa hawa watu hiyo ndo ndoto, maana makundi makubwa wameshatengenezewa zamani. Wanajiandaa jioni nzima kwa ajili ya uzinduzi. Halafu vidoli vinatoka, havifanani nao. Hapo kamera haifanyi fujo yoyote, inakaa tu kwenye sura, na unamuona mtu mwenye uwezo usio wa kawaida anaumia kwa sababu ya kipande cha plastiki. Ile ni sura ya mtu aliyetafuta jina lake kwenye tangazo la waliopandishwa cheo akakuta limeandikwa vibaya. Na usiku huo huo siri ya mke wa kapteni inalipuka, ukumbini, mbele za watu. The Great Strobe (Thomas Haden Church) ana lile lisauti lake zito la mtu anayejichukulia siriasi kupita kiasi, anaanza hotuba, anavunja kundi, na mimi nilikuwa nacheka huku namuonea huruma, vyote kwa pamoja, ambayo sio kazi rahisi kuifanya kwenye komedi.

Hapo hatujaona ngumi. Uwezo wao tunasimuliwa zaidi kuliko kuonyeshwa, na sababu iko wazi, hela hazikuwepo. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 1, ambayo kwa Marekani ni hela ya chai. Mwaka huo huo wa 2000 X-Men, muvi nyingine ya masupahiro, nayo ilitoka na mamilioni yake, kwa hiyo unaweza kupiga picha hawa walikuwa wanashindana na nani. Walichofanya ni kugeuza ukata wao kuwa ndo utani wenyewe. Huna hela ya kuonyesha vita? Onyesha siku ambayo hakuna vita. Tena ukifikiria inaingia akilini, supahiro naye ana Jumapili.

Na hapa ndo nataka kusema na ndugu zangu wa bongo muvi kwa upendo kabisa. Sisi mtu akipata kamera na laptop yenye programu ya kuediti, kitu cha kwanza anataka kumpaisha mtu angani, matokeo yake pembeni ya nywele kijani cha lile pazia la nyuma kinachungulia na kivuli kinaangukia upande ambao jua halipo. Kwani nani alitulazimisha? Marehemu King Majuto alikuwa anahitaji kiti na mtu wa kubishana naye tu, tunalala chini kwa kucheka. Hawa nao ni hivyo hivyo, sebule, maneno, na waigizaji wanaojua kunyamaza kwa wakati.

Walioitengeneza hawakubaki masikini, msiwaonee huruma. Muongozaji Craig Mazin ndo baadaye akaja kuandika ile tamthilia ya Chernobyl ya 2019, ndio, ile ile ya kutisha, na kuna The Last of Us pia. Gunn unamjua, Guardians of the Galaxy ya 2014 ni yake, Superman ya 2025 ni yake, na toka 2022 ni mmoja wa wakubwa wawili wa DC Studios. Ukiangalia The Specials halafu ukaangalia Guardians utaona ni akili ile ile, kundi la watu waliokataliwa kwingine wanagombana ndani ya chumba kidogo, tofauti amepewa hela.

Mapungufu yapo. Picha imekaa kama tamthilia ya kwenye TV, taa ni za kawaida sana. Katikati panapooza, kuna maongezi yanaenda na kurudi mpaka unaangalia simu. Wahusika wengine wanapita tu kama abiria. Na sauti inabidi uongeze maana watu wanaongea chini chini, na utani wote uko kwenye maneno, sio kwenye matendo, kwa hiyo kama Kiingereza kinakupiga chenga tafuta yenye maandishi chini. Ya kutafsiriwa sijaiona popote na sidhani kama itakuja, ingawa enzi zile Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, angepewa hii naamini angeongeza na vya kwake ingekuwa tamu kuliko hata ya kwao.

Kuipata ni kazi kidogo. Kwenye vibanda vya muvi huku Sinza ukitaja jina wanakuangalia, kijana mmoja aliniuliza "bro ni ya mapigo?" nikamwambia hapana, akaniuliza "sasa steringi anafanya nini?" Swali zuri sana, maana hamna steringi. Mimi niliishia kuinunua mtandaoni.

Ni dakika 82 tu, haikumalizii umeme wa LUKU. Ila usiwawekee watoto kwa kuona manguo ya supahiro ukadhani ni katuni, kuna matusi na maongezi ya kikubwa mwanzo mwisho. Nyota tatu na nusu kwa tano, na hiyo nusu yote ni ya Judy Greer.